SOMO: Muhogo, sumu yake, na chakula chenye kusaidia mwili kuishinda



Mu mkutano mmoja wa koperative, mama mmoja alisimama akatuuliza: «Babu zetu walikula muhogo, na sisi tunaula. Namna gani leo munatuambia una sumu?» Ulizo lake ni zuri. Wakati wa njaa, wa jua kali ao wa kukimbia vita, jibu lake linaweza kuokoa miguu ya mtoto.

1. Ugonjwa wa konzo

Mwaka 1938, daktari Trolli aliandika juu ya ugonjwa aliouona Kwango. Wayaka waliuita konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Mtu anaweza kulala muzima, kesho miguu yote miwili imekazana. Anatembea kwa ncha za vidole ao hatembei tena. Hakuna dawa ya kuuponyesha. Unashika zaidi watoto waliopita miaka 3 na mama wenye umri wa kuzaa. Hata huku kwetu Kivu ya Kusini waganga waliukuta, mahali ambapo vita ilikuwa imeharibu maisha ya watu.

Unatokea pale watu wanakula muhogo muchungu usiotengenezwa vizuri, kila siku, bila kitoweo cha maana. Kumbukeni hayo mambo mawili, yanaenda pamoja.

2. Asidi amino ni nini?

Nyama, samaki, maharagi na mayai vina proteini. Proteini ni kama ukuta, na matofali yake yanaitwa asidi amino. Yako aina 20. Zile 9 mwili hauwezi kuzitengeneza, lazima zitoke mu chakula.

Sasa sikieni jambo la ajabu. Muhogo wenyewe unatumia tofali moja, jina lake valini, kwa kutengeneza sumu yake inayoitwa linamarini. Ni silaha ya kujilinda na wanyama. Ndiyo sababu walimaji wengi wanapenda muhogo muchungu: nguruwe na wezi wanauogopa. Ukisaga ao ukilowesha mzizi, linamarini inavunjika na kutoa sianidi, sumu kali inayopanda hewani na kwenda. Lakini ukiukausha mbio bila kulowesha, nyingi inabaki mu unga. Wakati wa ukame, sumu inaongezeka zaidi.

Mwili nao una dawa yake. Unashika sianidi, unaifunga na salfa, kisha unaitoa kwa mukojo. Hiyo salfa inatoka wapi? Inatoka ku asidi amino mbili: metionini na sisteini. Mwenye kula bugali ya muhogo na majani tu, salfa inamupungukia. Sumu inabaki mu damu.

Kwa hiyo tunamujibu mama: babu zetu walilowesha siku za kutosha, na walikuwa na samaki ao nyama ya pori. Sisi tumepunguza vyote viwili.

3. Tufanye nini nyumbani?

• Kulowesha mizizi siku 3 hadi 4, mpaka ilainike. Siku moja haitoshi, hata kama munuzi anaharakisha.

• Kulowesha unga. Njia hii ilitengenezwa na Howard Bradbury wa Australia. Weka unga mu beseni, tia alama ndani mahali unga unafika. Ongeza maji polepole ukikoroga: unga utashuka kwanza, kisha utapanda tena. Ukifika ku alama, acha maji. Tandaza ku mukeka, unene usipite sentimetre 1. Acha saa 2 juani ao saa 5 kivulini. Upike bugali siku ileile. Mwaka 2010 na 2011, mama wa kijiji cha Kay Kalenge, eneo la Popokabaka, walifundishwa njia hii, na hakukuonekana mugonjwa mupya wa konzo.

• Kuchanganya. Unga wa muhogo na wa mahindi pamoja: sumu inapungua mu sahani, metionini inaongezeka. Maharagi ni mazuri, lakini metionini yake ni kidogo. Basi yasikae peke yake: weka sambaza, ndakala, yai ao ufuta, hata kidogo.

• Sombe: twanga vizuri, chemsha muda murefu. Majani nayo yana sumu.

Mutoto akianza kutembea vibaya kwa gafula, musingoje. Mumupeleke ku kituo cha afya.

4. Utafiti unafika wapi?

Mwaka 2023, watafiti wa Marekani walitangaza kwamba wamezima jeni mbili za muhogo, zile zinazoanza kugeuza valini kuwa sumu. Miche ile ilikuwa karibu haina sianidi kabisa. Ni habari njema, lakini mbegu hiyo haiko mu mashamba yetu, na inabaki ulizo: muhogo usio na silaha utajilinda namna gani na wanyama na wadudu? Leo dawa yetu ni maji, mukeka na kitoweo.

5. Maulizo ya kuzungumuza mu kikundi

a) Mu kijiji chetu tunalowesha muhogo siku ngapi? Nani anatuharakisha?
b) Koperative inaweza kukataa kununua muhogo usioloweshwa vizuri? Bei itakuwa namna gani?
c) Kila nyumba inaweza kupanda nini kwa kitoweo musimu huu?

Ulizo la pili ni gumu, tunajua. Muhogo ulioharakishwa unajaza mufuko wa pesa leo. Lakini unaliwa mu nyumba ya mutu, na mara nyingine ni nyumba yetu wenyewe.