Kumnyemelea kulungu jike: uwindaji usiotafuta pembe

Kulungu wa Ulaya si huyu pongo wa vichakani kwetu, ingawa tumewapa jina moja. Dume la kulungu mwekundu wa Uskoti hubeba pembe zenye matawi kama mti mkavu, na kila mwaka, kati ya Machi na Mei, pembe hizo hudondoka zikaanza kuota upya. Pongo au tandala akivunjika pembe, basi tena. Jike la kulungu mwekundu halina pembe kabisa, na hapo ndipo penye habari yetu. Anayetaka kuwinda kwa raha ya kuwinda na kwa kitoweo, bila kutafuta kichwa cha kutundika ukutani, mnyama wake ni jike na msimu wake ni wa baridi kali.

Mapenzi ya pembe yana historia. Mwaka 1851 Edwin Landseer alichora picha ya dume lililosimama kwa majivuno mlimani, The Monarch of the Glen, ikawa maarufu mno. Mwaka uliofuata familia ya Malkia Victoria ilinunua Balmoral, na matajiri wa Uingereza wakafuata mkumbo wa kukodi milima ya Uskoti kwa ajili ya uwindaji. Mpaka leo dume lenye matawi 12 huitwa la kifalme. Huku watu wakihesabu matawi, majike waliendelea kuzaa. Mbwa mwitu waliokuwa wakiwapunguza walitoweka karne kadhaa zilizopita, na serikali ya Uskoti inakadiria kwamba kulungu wa aina zote nchini humo wanakaribia milioni moja. Wanakula miche yote. Katika bonde la Glenfeshie, baada ya kulungu kupunguzwa kwa nguvu tangu mwaka 2004, misonobari ya asili imeanza kuota yenyewe bila kupandwa. Idadi haishuki kwa kupiga madume, maana dume mmoja hutosha majike wengi. Kwa hiyo mwindaji wa majike anafanya kazi inayohitajika, na kwa kawaida hulipa ada ndogo sana kuliko mtu wa pembe.

Sheria ni nyepesi kuelewa. Uskoti iliondoa kipindi cha marufuku ya kuwinda madume mwaka 2023. Majike wa kulungu mwekundu huwindwa kuanzia tarehe 21 Oktoba hadi 15 Februari. Kuwinda usiku bila idhini maalumu ni kosa, na usiku kisheria huanza saa moja baada ya jua kuzama. Upinde na mishale haviruhusiwi. Kulungu akiwa hai hana mwenyewe, lakini haki ya kumwinda ni ya mwenye ardhi, basi huwezi kuingia tu na bunduki. Mgeni asiye na cheti cha silaha anaweza kuazima bunduki ya shamba la uwindaji na kuitumia mbele ya mwelekezi mwenye cheti, mradi awe ametimiza miaka 17 na sheria haimzuii kushika silaha. Jumapili, kwa desturi ya huko, watu hupumzika.

Mwelekezi ndiye shule yako. Ameajiriwa na shamba, anaujua mlima kama anavyojua ua wa nyumba yake, na asubuhi kabla ya yote atakupeleka kupiga shabaha. Usione amekudharau. Anataka kujua kama risasi yako inakwenda unakoielekeza, na kama mkono wako unatetemeka. Ukikosea shabaha iliyosimama mita 100 kutoka ulipo, sema ukweli na omba msogee karibu zaidi siku hiyo. Vaa sufu ya rangi iliyofifia. Koti la plastiki linalolia kila ukisogea liache garini.

Kisha ni upepo. Kulungu huona vibaya rangi nyekundu, lakini mkono ukiinuliwa ghafla mita 300 kutoka alipo anauona. Pua yake ndiyo hatari kuliko macho. Kwa lugha ya mabaharia wetu, mnyama awe joshini nawe uwe demani, upepo ukupige usoni. Shida ya milimani ni kwamba upepo haufuati njia moja: hugonga jabali ukarudi, huteremka bondeni jioni, hujipinda kwenye kona. Mwelekezi hudondosha vijani vikavu kila baada ya hatua chache, akatazama vinakokwenda. Mara nyingi mtazunguka kilomita tatu ili kumfikia mnyama aliye umbali wa mita 600.

Mwendo wa mwisho ni wa tumbo. Unalala kwenye vichaka vifupi vilivyolowa, maji yanaingia kifuani, unasukuma bunduki mbele yako, unasogea shubiri moja, unasimama. Jike mzee wa kundi anainua kichwa. Anatafuna, anaacha kutafuna, anakukazia macho. Hapo huna la kufanya ila kutulia kama jiwe, hata pua ikiwasha, mpaka ashushe kichwa. Hesabu polepole hadi 100, maana majike wazee wana hila: hushusha kichwa kama wanaokula kisha wakainua ghafla kukuvizia. Kondoo wa jirani wakishtuka, au ndege wa jamii ya kwale akiruka kwa kelele, kundi lote limeshajua. Litabweka mara moja na kutoweka nyuma ya kilima, nanyi mtaanza upya. Kwangu mimi dakika hizi 40 za tope ndizo uwindaji wenyewe, na aliyerudi mikono mitupu baada ya kuzipata hajapoteza nauli.

Ukifika mahali pa kupiga, anayechaguliwa ni mnyama dhaifu, mzee au aliyejitenga. Subiri akupe ubavu. Lenga nyuma kidogo ya mguu wa mbele, palipo moyo na mapafu, na hakikisha nyuma yake kuna udongo wa kuipokea risasi. Palipo na anga tupu usifyatue. Anaweza kukimbia mita 50 ndipo aanguke. Tulia, pakia tena, ngoja.

Liko jambo ambalo matangazo ya safari hayalisemi. Jike wa Novemba mara nyingi ana ndama pembeni, na ndama huyo hawezi kuumaliza msimu wa baridi vizuri bila mama. Utaratibu mwema ni kumpiga na ndama pia, na mara nyingi ndama hutangulia. Kama moyo wako hauliwezi hilo, mwambie mwelekezi mapema akutafutie jike asiye na mtoto. Hakuna aibu.

Matumbo hutolewa palepale mlimani ili nyama ipoe haraka. Mwelekezi atakagua tezi, ini na mapafu kutafuta dalili za ugonjwa. Chuchumaa utazame, maana ndiyo tofauti kati ya nyama salama na nyama ya kubahatisha. Jike wa milima ile baada ya kutolewa matumbo huwa na kilo 40 na kitu, na hushushwa kwa farasi mfupi au kwa gari dogo la magurudumu mengi. Nyama yake haina mafuta mengi, kwa hiyo ukiikausha kwenye moto mkali itakuwa ngumu kama kiatu. Vipande vya mguu vinataka moto mdogo, kitunguu na subira. Msomaji Mwislamu aliye Uingereza apeleke swali lake la uhalali wa nyama hiyo kwa shekhe kabla ya safari, hasa kama atakayefyatua ni mtu mwingine.

Jioni, kabla ya kuoga, jikague kwapani, kinenani na nyuma ya magoti. Kupe wa kule hueneza ugonjwa wa Lyme hata msimu wa baridi ukiwa na siku za joto. Mtoe kwa kibano chenye ncha, ukimshika karibu kabisa na ngozi, na ukiona doa jekundu linalotanuka kama duara siku au wiki zinazofuata, nenda kwa daktari.

Nyumbani mambo ni mengine. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa kujiburudisha mwaka 1977, na nchini Tanzania wanyamapori ni mali ya umma, vibali vikisimamiwa na TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Usijifunze kunyemelea kwa pongo wa kijijini.

Kwa aliye Uingereza, mchana wa Desemba katika milima ile ni mfupi: jua huchomoza karibu saa tatu asubuhi na kuzama saa tisa na nusu alasiri, hivyo nafasi ni chache. Kwa desturi nyama hubaki kwa mwenye shamba. Unapopiga simu, sema tangu mwanzo kwamba unataka jike, na uulize bei ya nyama.