Sigara Nje, Baba Ndani

Mwezi Julai, Sumbawanga hujifungia mapema. Mji uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na jioni upepo wa milima ya Mbizi unapoanza kuuma masikio kila mtu huingia ndani, hufunga dirisha na kusogelea jiko la mkaa. Anayevuta sigara huingia nayo. Kule chini Kasanga au Kipili, kwenye joto la Ziwa Tanganyika, mvutaji hujikalia nje bila kuambiwa. Huku juu kwenye uwanda wa Ufipa anavutia sebuleni, mlango umefungwa, watoto wanasoma mkekani na bibi anakohoa pembeni.

Makala haya ni ya hao wanaokaa naye: mke, mtoto, mkwe, mjukuu. Wanampenda mzee wao, moshi wake hawautaki, na wengi hawajui waanzie wapi kusema.

Sheria inaishia wapi

Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku tangu mwaka 2003, na mwaka 2007 iliridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa kudhibiti tumbaku. Kuvuta ndani ya basi la abiria au hospitalini hakuruhusiwi, na ni kosa kumuuzia sigara mtu wa chini ya miaka 18. Kwa hiyo ukiwa kwenye basi la Mbeya na mtu akawasha mkishapita Laela, ukilalamika huombi hisani. Mwite konda, sema kwa sauti ya kawaida: "Konda, kuna mwenzetu anavuta huku nyuma, na tuna mtoto." Mara nyingi abiria wengine watadakia kabla konda hajafika. Ofisini au kwenye zahanati, anza na msimamizi wa pale. Asipojali, nenda kwa afisa afya wa kata.

Sheria yetu ina tundu kubwa: inaruhusu kutenga sehemu ya wavutaji. Uganda ilikataa mtindo huo. Sheria yake ya 2015 inakataza kuvuta ndani ya sehemu za kazi na za umma, baa na mikahawa ikiwemo, na hata nje, mpaka umbali wa mita 50. Ireland iliondoa sigara kwenye baa zake tangu Machi 2004. Naamini nasi tunapaswa kufika huko, kwa kuwa moshi wa meza ya pembeni huvutwa na meza zote.

Hata hivyo, hakuna sheria ya namna hiyo itakayoingia sebuleni kwako. Uwe Katandala, Izia au Chanji, afisa afya hatapiga hodi saa mbili usiku kuuliza nani amewasha. Nyumbani katazo huwekwa na familia yenyewe, na nyumbani ndiko mtoto anakoshinda na kulala.

Moshi wa mwenzako

Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na karibu 70 kati yake husababisha saratani. WHO inakadiria kuwa watu zaidi ya milioni moja wasiovuta hufa kila mwaka kwa moshi wa wenzao. Mwaka 1981 mtafiti Mjapani, Takeshi Hirayama, alitoa matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka 14 wanawake zaidi ya 90,000 ambao hawakuvuta. Wale ambao waume zao walivuta sana walikufa kwa saratani ya mapafu karibu mara mbili ya wale ambao waume zao hawakuvuta kabisa. Wao wenyewe hawakuwa wavutaji. Walikaa tu nyumba moja na waume wanaovuta.

Kwa watoto madhara huja mapema zaidi: nimonia, pumu, masikio yanayouma kila mara. Mjamzito anayekaa kwenye moshi anaweza kujifungua mtoto mwenye uzito mdogo. Kufungua dirisha hakutoshi, wala kusubiri watoto walale, kwa sababu chembe za moshi hukaa hewani muda mrefu baada ya kipisi kuzimwa.

Kuna majibu mawili utakayoyasikia sana Ufipa. La kwanza: "Navuta kujipasha joto." Ukweli ni kinyume. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, hivyo vidole vya mikono na miguu huzidi kupoa. Koti na uji wa ulezi vitamsaidia kuliko sigara. La pili: "Mbona moshi wa kuni hamsemi?" Hili lina haki yake, lijibiwe kwa heshima. Moshi wa kuni nao unaumiza mapafu, hasa ya akina mama, na jiko linahitaji tundu la kutolea moshi. Ila kuni zinaivisha ugali wa nyumba nzima. Sigara haiivishi kitu, na moshi wake unaongezwa juu ya ule ambao mama ameshauvuta jikoni.

Unapompenda anayevuta

Hapa ndipo penye uzito. Binti anaweza kumkasirikia baba yake kwa kikohozi cha mtoto, kisha akajilaumu kwa hasira hiyo, maana ni baba huyohuyo aliyeuza mahindi kumlipia ada. Mke anaweza kulala akihesabu kikohozi cha mumewe na kesho asiseme neno. Hofu hiyo na hasira hiyo si utovu wa adabu, vinatokana na kujali. Na mvutaji naye si mtu asiyewapenda watoto wake. Nikotini hufika kwenye ubongo kwa sekunde chache tu, na mwili ukishaizoea huidai kila baada ya muda mfupi. Wengi walianza wakiwa vijana, machungani au kambini, kabla hawajajua wanajifunga na nini. Ukilikumbuka hilo, utausema moshi bila kumtukana mtu.

Usiseme mbele ya wageni, wala akiwa ametoka kilabuni. Chagua asubuhi akiwa ametulia, na uongelee jambo moja tu. Mathalani: "Shikamoo baba. Nina ombi kwa ajili ya mjukuu wako. Kifua chake kinasumbua usiku. Tunaomba sigara iwe barazani, hata kama ni baridi. Tumekuwekea kiti na mchanga wa kuzimia." Humo hamna amri, wala hakuna aliyemwambia aache leo. Mkwe asijibebeshe mzigo huu peke yake. Amtangulize mumewe, au shangazi anayesikilizwa na mzee. Mke anayeogopa kupigwa asijiweke hatarini kwa sababu ya sigara. Amwombe muuguzi wa kliniki aseme mbele ya baba siku wanapohudhuria wote, ili lionekane ni agizo la kliniki.

Kisha mpangilio wa nyumba useme mengine. Ondoa kisahani cha majivu mezani, kwa sababu kikiwepo kila mgeni anajua ameruhusiwa. Weka kiti nje upande usiopigwa na upepo, chini ya paa kwa ajili ya masika, mbali na dirisha na mlango. Wakati wa msiba, ambapo watu hujaa ndani na mapaketi hupita mkono kwa mkono, mwenye nyumba au balozi atangaze mapema kuwa wanaovuta wakae kwenye moto wa nje.

Kuna desturi nyingine ambayo mimi ningeifuta leo: kumtuma mtoto dukani akanunue sigara, au kumwambia alete kaa la moto jikoni ili baba awashe. Muuza duka anayemuuzia anavunja sheria, na mtoto anafundishwa kazi ya sigara kabla hajajua madhara yake.

Akiamua kuacha

Siku tatu za mwanzo ni ngumu kuliko zote. Atakuwa mkali, atakosa usingizi, atakula ovyo, na hali hiyo hupungua ndani ya wiki chache. Mvumilieni, msimkumbushe kila saa. Wakatoliki wengi wa Ufipa huacha kitu wakati wa Kwaresima, na Waislamu hukaa mchana kutwa bila sigara mwezi wa Ramadhani. Hiyo ni nafasi nzuri ya kuanza, mradi asiipangie mwisho siku ya Pasaka au Idi. Akibadili sigara kwa ugoro, watoto watapona moshi, lakini nikotini bado anayo, na ugoro nao huleta saratani ya mdomo.

Faida huanza haraka. Baada ya mwaka mmoja, hatari ya ugonjwa wa moyo hupungua hadi karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Akirudia kuvuta, msimcheke. Wengi hujaribu mara kadhaa kabla ya kuacha kabisa. Na kama ana kikohozi cha wiki mbili au zaidi, msiseme ni cha sigara tu. Uvutaji huongeza hatari ya kifua kikuu, na kifua kikuu hupimwa na kutibiwa bure kwenye vituo vya serikali. Mpelekeni wiki hii, na watoto wanaolala naye chumba kimoja wapimwe pia.