Kufundisha Uchanganuzi wa Kiasi kwa Vitendo: Somo la Magadi ya Sokoni katika Shule za Mpanda

Utangulizi

Mara nyingi mwanafunzi wa sekondari hukutana na uchanganuzi wa kiasi kwa mara ya kwanza akiwa na bureti mkononi na jibu moyoni. Ameambiwa na waliomtangulia, au ameona katika karatasi za mitihani ya nyuma, kwamba asidi itakayotumika ni kiasi cha sentimeta za ujazo 25. Basi hufungua koki, hutazama rangi ikibadilika, na hata kama bureti inaonyesha 23.60, daftarini huandika 24.90. Alama zinapatikana, lakini hakuna kilichopimwa.

Tabia hii haitokani na uvivu peke yake. Mwanafunzi anayepewa jambo ambalo mwalimu tayari analijua huona kwamba kazi yake ni kulibahatisha jibu la mwalimu. Kwa hiyo dawa yake si kukemea tu, bali ni kubadili swali. Katika makala haya tunapendekeza somo la vipindi vitatu maradufu, ambamo wanafunzi watapima kiasi cha alkali kilichomo katika magadi yaliyonunuliwa sokoni. Jibu la swali hilo halimo kitabuni, na mwalimu mwenyewe halijui mpaka darasa limpatie.

Kwa nini somo hili lifae Mpanda

Mkoa wa Katavi, ulioanzishwa mwaka 2012 na kuwa na makao yake makuu Mpanda, ni mahali ambapo umuhimu wa kupima kiasi hauhitaji maelezo marefu. Tawi la reli litokalo Kaliua hadi Mpanda lilifunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi ya Mukwamba, na mgodi huo ulifungwa mwaka 1960. Hakuna anayejenga reli kwa kuambiwa tu kwamba ndani ya mwamba mna risasi. Huuliza ni kiasi gani katika kila tani. Hata leo mchimbaji mdogo wa dhahabu anapokwenda kwa mnunuzi, bei hutegemea uzito na usafi wa kile alichokileta. Asiyejua kupima hupimiwa, na hana la kujibu.

Hata hivyo hatushauri madini ya risasi wala zebaki yaingizwe katika maabara ya shule, kwani vyote viwili ni sumu. Magadi yanafaa zaidi. Kila mwanafunzi anayajua: nyumbani hulainisha maharage, na wazee huyachanganya na ugoro. Ziwa Rukwa lenyewe, linalopakana na mkoa huu, lina maji yenye magadi. Tena bei yake ni ndogo, na kilo moja hutosha madarasa mengi.

Madini makuu ya magadi ghafi huitwa trona. Ndani yake kila moli moja ya sodiamu kaboneti huambatana na moli moja ya sodiamu haidrojenikaboneti na moli mbili za maji. Uzito wa moli moja ya trona ni gramu 226. Kaboneti hutumia moli mbili za asidi ya haidrokloriki na haidrojenikaboneti hutumia moja, hivyo moli moja ya trona huhitaji moli tatu za asidi. Magadi ya sokoni huwa pia na chumvi ya kawaida, mchanga na udongo, ambavyo kiasi chake hutofautiana mfuko kwa mfuko. Hapo ndipo swali letu lilipo.

Matayarisho ya mwalimu

Mwalimu atayarishe asidi ya haidrokloriki yenye nguvu ya karibu moli 0.1 kwa lita. Kiasi cha sentimeta za ujazo 9 za asidi kali ya dukani, zikitiwa katika maji na kufikishwa lita moja, hutosha. Asidi ndiyo itiwe katika maji, kamwe maji yasimiminwe katika asidi. Kila kundi lipewe asidi yenye nguvu iliyotofautiana kidogo na ya wenzao, na mwalimu aweke kumbukumbu yake kwa siri.

Maji yanahitaji uangalifu wa pekee. Shule isiyo na maji yaliyotoneshwa inaweza kukinga maji ya mvua kutoka katika bati safi, baada ya mvua za kwanza kuosha vumbi. Maji ya kisima mara nyingi huwa na haidrojenikaboneti, nayo hula asidi kabla magadi hayajaguswa. Kwa hiyo kila darasa lifanye jaribio tupu: sentimeta za ujazo 25 za maji yale yale, kiashirio kile kile, bila magadi. Asidi itakayotumika hapo itolewe katika kila kipimo cha baadaye.

Hatua za somo

Kipindi cha kwanza ni cha mikono na macho. Wanafunzi wajifunze kusoma bureti kwa jicho lililo sawa na kina cha chini cha mmumunyo, na kuandika mpaka sentimeta za ujazo 0.05. Wajifunze kusuuza bureti kwa asidi, pipeti kwa mmumunyo utakaopimwa, na chupa ya koni kwa maji tu. Mwalimu aulize sababu ya tofauti hiyo kabla ya kuieleza. Pipeti ivutwe kwa mpira wake, si kwa mdomo, na tone linalobaki nchani lisipulizwe, kwa kuwa pipeti imepimwa kiwandani pamoja na tone hilo. Faneli iondolewe juu ya bureti, na hewa iliyojificha chini ya koki itolewe kabla ya kusoma.

Kipindi cha pili ni cha kuithibitisha asidi. Sodiamu kaboneti safi, iliyokaushwa kwa moto na kupoa ndani ya chombo kikavu kilichofunikwa, ipimwe gramu 1.325 na kuyeyushwa hadi sentimeta za ujazo 250. Huo ni mmumunyo sanifu wa moli 0.05 kwa lita. Sentimeta za ujazo 25 zake huhitaji 25 za asidi iliyo na moli 0.1 kwa lita hasa. Kundi likipata pungufu au zaidi, linajua nguvu halisi ya asidi yake. Kiashirio ni methili ya machungwa, ambayo ni ya manjano katika alkali na nyekundu katika asidi. Kikomo ni pale rangi ya machungwa inapotokea na kudumu.

Kipindi cha tatu ni cha magadi yenyewe. Bonge moja si mfuko mzima, basi vipande vichukuliwe sehemu mbalimbali za mfuko, visagwe pamoja, rundo ligawanywe mafungu manne, na mafungu mawili yanayotazamana yarudiwe kusagwa. Magadi yasikaushwe kwa moto kama ilivyofanywa kwa kaboneti, kwa sababu trona ikipashwa moto hupoteza maji na hewa ya ukaa, na kitakachopimwa hakitakuwa tena kile kilichonunuliwa. Gramu 1.50 ziyeyushwe, zichujwe, na mmumunyo ufikishwe sentimeta za ujazo 250. Kila mwanafunzi achukue 25 na kufanya titresheni yake mwenyewe, aandike usomaji wake kwa wino, na asiuonyeshe mpaka wote katika kundi wamemaliza.

Hesabu

Tuseme asidi ya kundi imethibitishwa kuwa moli 0.100 kwa lita, na wanafunzi wanne wamepata 17.40, 17.45, 17.35 na 18.30. Jaribio tupu limetumia 0.20. Tutaijadili namba ya nne baadaye. Wastani wa tatu za kwanza ni 17.40, na ukitoa 0.20 hubaki 17.20. Hizo ni moli 0.00172 za asidi. Tukigawanya kwa tatu tunapata moli 0.000573 za trona, yaani gramu 0.130. Sehemu ya magadi iliyochukuliwa ilikuwa gramu 0.150. Kwa hiyo alkali ya magadi hayo, ikihesabiwa kama trona, ni asilimia 86. Trona safi ingetumia sentimeta za ujazo 19.9.

Mwalimu asisitize maneno “ikihesabiwa kama trona”. Methili ya machungwa hutuambia jumla ya alkali, haituambii kama kaboneti na haidrojenikaboneti zimo sawa kwa sawa. Wanafunzi walio mbele zaidi wanaweza kurudia kwa fenoftalini, ambayo hupoteza rangi kaboneti inapokwisha kugeuka haidrojenikaboneti. Katika trona safi kikomo hicho hufika kwenye theluthi ya asidi yote. Katika kaboneti tupu hufika nusu. Mwanafunzi anayeielewa tofauti hiyo amejifunza kwamba namba huwa kweli kwa swali lake tu.

Kuyajadili matokeo

Namba zote ziandikwe ubaoni, pamoja na ile 18.30. Jambo la kwanza darasa litakaloomba ni kuifuta. Mwalimu asikubali upesi. Namba haikataliwi kwa sababu ya kutofanana na jirani zake, hukataliwa kwa sababu iliyopatikana. Je, chupa ya koni ilisuuzwa kwa mmumunyo wa magadi? Je, hewa ilikuwa chini ya koki? Je, kikomo kilipitwa? Sababu ikijulikana, namba iwekwe kando na sababu iandikwe. Isipojulikana, titresheni irudiwe, na namba ya awali ibaki daftarini.

Hapa ndipo somo linapogusa malezi. Njia ya mwongo ni fupi: mwanafunzi aliyebuni 17.40 ili afanane na wenzake hawezi kueleza asidi yake ilianzia wapi kwenye bureti, wala kurudia kipimo kikatokea vile vile. Lakini mwanafunzi aliyeandika 18.30 akajua kwa nini, huyo ameshinda. Kesho mmoja wao atapima klorini katika maji ya kunywa ya mji au dawa katika zahanati, na watu watakunywa kwa kuiamini namba aliyoiandika.

Kwa hiyo alama zigawanywe hivi: katika kipindi cha pili, ambapo mwalimu anajua nguvu ya asidi ya kila kundi, alama zitolewe kwa usahihi. Katika kipindi cha tatu zitolewe kwa kukubaliana kwa vipimo vya mwanafunzi mwenyewe, kwa ukamilifu wa kumbukumbu na kwa maelezo ya tofauti. Mpango huu haupingani na mitihani ya vitendo ya Baraza la Mitihani la Tanzania, kwa kuwa anayeweza kupima kisichojulikana hatashindwa na kinachojulikana.

Shule yenye vifaa haba

Pasipo na bureti za kutosha, bomba la sindano la sentimeta za ujazo 5, lisilo na sindano, linaweza kutumika. Lakini mwanafunzi aambiwe bei ya mbadala huo. Tukikosea 0.1 katika 5, tumekosea sehemu mbili katika mia. Tukikosea 0.05 katika 25, tumekosea sehemu mbili katika elfu. Jibu la bomba la sindano liandikwe “karibu asilimia 86”, wala lisipambwe kwa desimali ambazo chombo hakikuzitoa. Maji ya rosela, yanayogeuka rangi katika asidi na alkali, yanafaa kuonyesha kwamba alkali imo, ila hugeuka polepole mno kutoa kikomo cha kuaminika.

Hitimisho

Walimu watarajiwa watakaopangiwa Mpanda, Mlele au Mpimbwe wasisubiri maabara kamili ndipo waanze. Mizani moja nzuri, bureti chache, maji ya mvua na magadi ya sokoni vyatosha kwa somo hili. Kabla ya kulifundisha, kila mmoja alifanye mwenyewe tangu kusaga magadi hadi jaribio tupu, kwa vifaa vile vile vitakavyotumiwa na wanafunzi, na aandike usomaji wake wote. Daftari hilo alichukue darasani, alifungue mbele ya wanafunzi, wazione namba zilizokubaliana na zilizokataa.