Ukija Kutafiti Bukoba na Muleba: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Watu wa Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, wamewajibu watafiti kwa muda mrefu. Wamepimwa damu, wamehesabiwa mikungu ya ndizi, wamechimbiwa ardhi, wamegawiwa vyandarua vya majaribio, na majibu yao yamesomwa na madaktari na wachumi wa dunia nzima. Wageni bado wanakuja: mwanafunzi wa shahada ya pili, timu ya mradi wa Ulaya, mtaalamu wa udongo, mhandisi wa majengo. Masharti haya ni yao wote. Ni makali kwa sababu mtafiti akikosea, mara nyingi anayeumia ni yule aliyemfungulia mlango.

Usiingie kijijini bila vibali. Anza na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Kama unagusa afya ya watu, pita pia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Kisha ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa, halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji. Hakuna ngazi ya kuruka.

Usidhani kibali ni ridhaa. Barua yenye mhuri inakuruhusu kubisha hodi tu. Mwenyekiti hawezi kumkubalia mama aliye ndani ya nyumba yake, na mume hawezi kumkubalia mkewe. Usimlete mwenyekiti akae karibu wakati unauliza kama mtu yuko tayari kujibu. Mbele yake ni wachache watakaokataa. Aliyekataa, mshukuru na uondoke. Usirudi kesho kumbembeleza kwa sabuni na sukari.

Uliza kwa lugha inayofaa jambo lenyewe. Mzee wa Kihaya atakueleza bei ya kahawa kwa Kiswahili bila shida. Ukifika kwenye mirathi, ardhi ya ukoo au maradhi yaliyomwondolea mtoto, mara nyingi atahitaji Kihaya, na mkalimani wako asiwe jirani yake wala shemeji yake. Visiwani Muleba, kama Bumbire na Goziba, ni kinyume: kambi za wavuvi zina watu wa kila kabila, na ukijidai kuanza kwa Kihaya utawapoteza nusu. Huko panga kazi kwa kufuata mwezi. Wavuvi wa dagaa hukesha ziwani na taa usiku wa giza na kulala mchana. Mwezi ukiwa mpevu ndipo wanapokuwa na nafasi. Mtafiti anayemwamsha mtu aliyekesha ziwani ili amuulize maswali 200 atapata majibu ya kumfukuza.

Usipike takwimu. Usimruhusu mdadisi wako azipike. Hakuna kosa kubwa kuliko hili kwenye orodha nzima. Tunajua linavyofanyika: mvua imenyesha, kilima ni kirefu, kaya tatu zimebaki, na mdadisi anakaa chini ya mwembe kujaza hojaji kwa kukisia. Kaya tatu hizo zinaingia kwenye wastani, wastani unaingia kwenye ripoti, na ripoti inaamua zahanati ijengwe wapi. Kwa hiyo mlipe mdadisi kwa siku, si kwa idadi ya hojaji. Mpe kaya anazoweza kuzimaliza kabla jua halijazama. Rudi mwenyewe kwenye baadhi ya kaya bila kumtaarifu, uliza maswali machache upya, linganisha. Ukigundua hata hojaji moja ya kubuni, tupa kazi yote ya mtu huyo na uianze tena. Hasara hiyo ni yako, ibebe.

Mfuate aliyehama. Utafiti wa kaya uliofanyika Kagera kati ya 1991 na 1994, ambao Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishirikiana kuufanya, ulianza na kaya zipatazo 915. Mwaka 2004 timu ilirudi kuwatafuta watu walewale. Isingekuwa vigumu kuwahoji waliobaki na kufunga daftari. Badala yake iliwafuata hadi Mwanza, Dar es Salaam na Uganda, na kwa kuwa watoto walikuwa wameoa, wameolewa na kutawanyika, kaya za mwanzo zilikuwa zimezaa zaidi ya kaya 2,700. Mwaka 2010 ikarudi tena, zikawa zaidi ya 3,300.

Kazi hiyo ngumu ilizaa nini? Wachumi Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon waliwalinganisha watu waliotoka kaya moja, mmoja akahama na mwingine akabaki. Katika makala yao ya 2011 walionyesha kwamba kuhama kuliongeza ukuaji wa matumizi ya mtu kwa pointi 36 za asilimia. Kama wangewahoji waliobaki peke yao, wangeandika historia ya umaskini wa Kagera huku waliopiga hatua wakiwa hawamo kwenye vitabu. Basi usiandike «hakupatikana» kabla hujamuuliza mama mzazi, balozi wa nyumba kumi na rafiki aliyesoma naye. Watu wa hapa wanajua watoto wao walipo.

Usitumie takwimu za utafiti huo wa kaya bila kusoma zilivyokusanywa. Utafiti ule ulibuniwa ili kujua vifo vya watu wazima vinaiathirije familia, wakati wa ukali wa UKIMWI. Kaya zilizoelekea kupata msiba zilichaguliwa kwa wingi kuliko uwiano wao halisi. Anayezipakua leo akakokotoa wastani wa kawaida na kuuita «hali ya Kagera» amekosea tangu mstari wa kwanza.

Usiseme «Kagera» ukimaanisha sehemu ya Kagera. Upimaji wa VVU wa 1987 ulikuta maambukizi ya asilimia 24.2 kwa watu wazima wa Bukoba mjini. Biharamulo na Ngara hayakufika asilimia 1. Ukiubebesha mkoa mzima namba ya mjini, unawanyooshea kidole vijana wa Ngara kwa jambo ambalo takwimu zenyewe hazikulisema. Taja kata, taja mwaka, taja umri wa waliopimwa.

Usimlaumu mtu kabla hujapima kitu. Malaria ilipoendelea kuisumbua Muleba licha ya vyandarua, ilikuwa rahisi kusema wananchi hawavitumii. Watafiti waliokuja kupima mbu walikuta mbu wenyewe wamebadilika: walikuwa sugu kwa viuatilifu vya jamii ya pairethroidi vilivyowekwa kwenye vyandarua. Ndipo likafanyika jaribio katika makundi 48 ya vijiji na vitongoji, vyandarua vikagawiwa mwaka 2015. Baadhi vilikuwa vya kawaida, vingine vimeongezewa PBO, kemikali inayozuia vimeng'enya ambavyo mbu hutumia kuivunja sumu mwilini mwake. Vyandarua vya PBO vilipunguza maambukizi kwa watoto kwa asilimia 44 mwaka wa kwanza na asilimia 33 mwaka wa pili, vikilinganishwa na vya kawaida. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likavipendekeza, na nchi nyingi za Afrika zimevigawa tangu wakati huo. Mtoto wa Muleba amemkinga mtoto wa mbali asiyemjua.

Na soma namba hizo hadi mwisho: nguvu ilipungua mwaka wa pili. Vyandarua huchakaa na kuchanika, na watu huacha kuvitundika. Pima mbu, pima na matumizi. Usichague kile kimoja kinachoipendelea hoja yako.

Piga kura ya kugawa makundi hadharani. Ukitaka kundi moja lipate dawa mpya na jingine la zamani, kura ipigwe mbele ya watu na waelezwe kwa nini. Andika tangu mwanzo kundi la kulinganishia litapata nini jaribio likifaulu, na fedha zake zitengwe kabla hujaanza.

Usiingie kwenye kibanja, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba, na kisu ulichotumia kwa jirani. Mnyauko bakteria wa migomba uliingia Kagera katikati ya miaka ya 2000, na Muleba iliumia mapema. Ugonjwa huu husafiri kwa panga na kisu cha mkulima sawasawa na kwa kisu cha mtafiti anayekata sampuli. Choma kisu kwenye moto au kioshe kwa dawa ya klorini kati ya mgomba na mgomba. Safisha viatu. Wataalamu wa kituo cha Maruku wanawafundisha wakulima kuondoa ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya kulikata kwa chuma. Mtafiti hana udhuru wa kuwa mzembe kuliko mkulima. Familia inakula kwenye kibanja hicho.

Usichimbe udongo kabla hujauliza. Wahaya wengi huzika kibanjani. Kaburi la zamani huenda halina saruji wala msalaba.

Usibebe hojaji kwenda msibani. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa Bukoba Vijijini, kata za Maruku na Kanyangereko, watu 6 kati ya 9 waliougua walifariki. Anayefuatilia waliokutana na mgonjwa ana haki ya kufika siku hiyo hiyo, kwa sababu anaokoa maisha. Mwenye tasnifu hana.

Mhandisi, usipime nyumba zilizoanguka tu. Tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu 17 na kuharibu vibaya majengo, yakiwemo ya sekondari za Ihungo na Nyakato. Kila mpiga picha alikimbilia kifusi. Lakini kifusi peke yake hakikuambii kama kosa lilikuwa la tofali, msingi, lenta au mteremko. Pima na nyumba ya jirani iliyosimama, muulize fundi wake alichanganya saruji kiasi gani.

Ficha kinachoweza kumtambulisha mtu. Kijiji cha Nyakatoke, huku Kagera, kilikuwa na kaya 119 kilipohojiwa mwaka 2000: watu wazima waliulizwa wanamtegemea nani wakipata shida. Wachumi wengi wamechambua mtandao huo, na wamejifunza kitu muhimu: mara nyingi mmoja alimtaja mwenzake, na mwenzake hakumtaja. Kwa hiyo uliza pande zote mbili za deni, za urafiki na za msaada. Lakini pia fikiria: katika kijiji cha kaya 119, ukiandika «mjane mwenye duka na watoto saba», umeandika jina lake. Usimwambie mtu yeyote nani hakutajwa na nani.

Damu itumike kwa kile ulichokisema. Ukitaka kuipima kitu kingine baadaye, rudi uombe upya.

Waandike waliokuongoza. Mwanaakiolojia Peter Schmidt alifika kwenye mabaki ya kale ya ufuaji chuma huko Katuruka, Bukoba Vijijini, kwa kuongozwa na masimulizi ya wazee, na wafuachuma wazee ndio waliojenga tanuru upya mbele ya macho ya watafiti katika miaka ya 1970. Makala ya mwaka 1978 aliyoandika na Donald Avery ilisomwa duniani kote, na dai lake kuhusu joto la tanuru likapingwa na wataalamu wengine, kama inavyopaswa. Kama mzee alikuonyesha mahali pa kuchimba, na ameridhia atajwe, jina lake liwe kwenye makala, si kwenye shajara yako.

Rudi na matokeo, hata yakiwa mabaya. Andika kurasa mbili za Kiswahili, acha nakala ofisi ya kijiji, zahanati na shuleni. Weka gharama ya safari ya kurudi kwenye bajeti ya kwanza, kwa sababu ya mwisho haitakuwepo. Usitume kijana na bahasha. Omba nafasi kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hufanyika walau kila miezi mitatu. Ukiukosa huu, subiri unaofuata, na ukae hadi swali la mwisho lijibiwe.