Somo la robo hii: Kero ndogondogo, kuanzia upepo wa kusi hadi abiria anayeendesha kwa mdomo



Katika kurasa hizi mara nyingi tunaandika juu ya mambo makubwa: mafuriko, njaa, magonjwa. Robo hii tunapenda tujifunze pamoja juu ya mambo madogo. Tunazungumzia kero. Upepo unaopeperusha karatasi za kikao na kuchelewesha boti. Maji yanayokupwa wakati mmeshapakia mizigo. Kaa wanaokata miche michanga ya mpunga. Simu isiyopata mtandao mpaka upande kwenye kichuguu. Na yule abiria ambaye hajashika usukani, lakini haishi kumwelekeza aliyeushika.

Mambo haya hayaingii katika taarifa za mradi, kwa sababu kila mtu ameyazoea. Ukiuliza, unajibiwa, "Ndiyo hali ya huku." Sisi tunaosafiri kati ya Kibiti na vijiji vya Delta ya Rufiji tunaamini kwamba jibu hilo linagharimu kazi hii kuliko tunavyodhani.

Lengo la somo. Kamati ikimaliza somo hili iweze kuorodhesha kero zake, kuzigawa katika mafungu matatu, na kuondoa walau moja kabla ya robo ijayo.

1. Kero na janga ni vitu viwili

Aprili 2024 mafuriko ya mto Rufiji yalifunika mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Tarehe 4 Mei 2024 Kimbunga Hidaya kikafika pwani yetu upande wa Mafia, na mvua zake zikakata barabara kuu ya kwenda Lindi. Hayo ni majanga. Janga lina jina na tarehe, hutangazwa redioni, na watu wema huchanga. Tunawashukuru wote waliochanga wakati ule.

Kero haina jina wala tarehe. Hurudi kila wiki na kuchukua kidogo kidogo. Tufanye hesabu moja. Tuchukulie kamati ina wajumbe 12, na kila kikao wanakaa gatini saa 3 wakisubiri maji yajae. Hapo zimepotea saa 36. Kwa vikao 4 vya mwaka ni saa 144. Kwa siku ya kazi ya saa 8, hizo ni siku 18. Mjumbe wa kamati ni mkulima, mvuvi au mama mwenye watoto nyumbani, naye halipwi mshahara. Siku hizo 18 zimetoka shambani, baharini na jikoni kwake. Hatujahesabu bado petroli ya boti inayosukumana na upepo wa mbele, wala vocha za kuulizana, "Mmefika wapi?"

Baada ya miaka miwili mjumbe huyo huacha kuja. Katika kitabu cha mahudhurio tunaandika "hakufika bila taarifa". Kumbe taarifa alikuwa anaitoa kila kikao. Ilikuwa ni ile kero.

2. Fungu la kwanza: kero zenye kalenda

Upepo na maji ndivyo vinavyolalamikiwa zaidi Delta, na ndivyo vyenye utaratibu unaojulikana zaidi.

Kusi huvuma kuanzia karibu Aprili hadi Septemba, na hukaza zaidi Juni hadi Agosti. Kaskazi hushika kuanzia karibu Desemba hadi Machi. Katikati kuna majira ya tanga mbili, pepo zinapobadilika na bahari ikatulia kidogo. Tena, siku nyingi asubuhi huwa na utulivu kuliko alasiri. Mtu wa Kiongoroni au Maparoni hahitaji kufundishwa haya. Wanaohitaji ni sisi tunaopanga ratiba tukiwa ofisini, ambako upepo ukikaza tunafunga dirisha tu.

Maji nayo yana hesabu yake. Hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kama dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Katika pwani yetu, siku hizo maji hujaa karibu na saa 10 hadi saa 12, alfajiri na jioni. Maana yake ni kwamba hupwa kabisa kati ya saa 4 asubuhi na saa 6 mchana.

Sasa tazameni barua zetu za mwaliko. Karibu zote husema, "Kikao kitaanza saa 4 kamili asubuhi." Kikao cha saa 4 siku ya bamvua ni kikao kilichoitishwa wakati mitumbwi imekaa juu ya tope. Mjumbe anayekuja kwa maji afike alfajiri na kusubiri, au afike jioni watu wakiwa wametawanyika. Wa Kibiti mjini anakuja kwa bodaboda, anafika saa 4 na nusu, na kusema, "Watu wa Delta hawajali muda."

Wiki moja baadaye, siku za maji mafu, hali hugeuka. Maji hujaa karibu na saa 4 asubuhi hadi saa 6 mchana, tena hata yakipwa hayapwi sana. Ndizo siku zinazofaa zaidi kwa kikao cha saa 4. Ikiwa kuna kijiji ambacho kijito chake hakijai vya kutosha siku za maji mafu, wenyewe ndio waseme, na kikao kipangwe kwa kuwasikiliza. Tukumbuke pia kwamba ndani ya mito maji huchelewa kuliko baharini, hivyo kila gati liwe na saa zake.

Kalenda ya ukutani ya usharika haituonyeshi leo ni mwezi ngapi. Majirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi katika vijiji hivi, wanajua kila siku. Mwenyekiti akimuuliza jirani, "Shehe, leo mwezi ngapi?" amepata nusu ya ratiba ya bure. Nusu iliyobaki atapewa na mvuvi yeyote.

Kanuni ya fungu hili: *kero inayorudi kwa tarehe haisubiriwi ije ndipo ilalamikiwe, inaandikwa kwenye ratiba kabla haijafika.*

3. Fungu la pili: kero za midomo yetu

Panda boti yoyote kutoka Nyamisati kuelekea vijijini. Nahodha ameshika mashine, ameipita njia hiyo tangu utoto. Kabla ya kona ya kwanza anaanza mmoja, "Nahodha, bana kushoto, pale kuna fungu." Wa pili, "Aa, mzee, fungu limehama, nyoosha tu." Wa tatu anaagiza mwendo upunguzwe, wa nne anasema kwa mwendo huu tutalala njiani. Garini ni vivyo hivyo. Tuna ndugu anayekaa kiti cha nyuma ambaye hukanyaga breki kwa mguu wake pale alipo, na kumwonyesha dereva kila shimo baada ya gurudumu kuingia. Wazee wetu walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Lakini tusiliishie hapo, maana abiria hana makosa siku zote. Katika Matendo ya Mitume sura ya 27 tunasoma juu ya safari ya Paulo kwenda Rumi. Paulo alikuwa abiria, tena mfungwa. Wakiwa Bandari Nzuri, majira ya kusafiri yakiwa yamepita, aliwaonya kwamba safari italeta hasara. Akida akawasikiliza nahodha na mwenye merikebu kuliko yeye, na wengi wakaunga mkono kuondoka. Upepo mkali ukawakamata. Merikebu ikavunjika, ingawa watu wote 276 walifika nchi kavu salama. Abiria ndiye aliyekuwa sahihi.

Hapa nchini pia tunajua gharama ya abiria kunyamaza. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, Ziwa Victoria, na watu zaidi ya 200 wakafa. Uwezo wake ulikuwa watu 101, na siku ile kilikuwa kimebeba zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo.

Tofauti kati ya kero na onyo iko wapi? Tunaona iko katika mambo mawili: wakati na jambo lenyewe. Paulo alisema *kabla ya kung'oa nanga*, na alisema juu ya *kuondoka au kutoondoka*. Hakusimama baharini kumfundisha nahodha kushika usukani. Hivyo basi, abiria ana haki, tena ana wajibu, kuuliza gatini: Tumezidi? Yako wapi majaketi ya kuokolea? Upepo huu unavukika? Asipoona majibu, ashuke. Chombo kikishaondoka, usukani ni wa mmoja, isipokuwa abiria ameona hatari ambayo nahodha hajaiona. Hapo apaze sauti mara moja, kisha amwachie kazi yake.

Kamati zetu ni vyombo vya namna hiyo. Mnamchagua fundi wa kisima, mnasaini naye mkataba, kisha kila mjumbe anapita kwa wakati wake na agizo lake. Huyu anataka mfuniko mpana, yule anataka bomba lihamie upande wa kwake. Fundi anabomoa na kujenga upya, saruji inakwisha, na hakuna anayejua ni nani aliyeagiza. Hilo halitatuliwi kwa kumsema mjumbe mmoja msumbufu. Linatatuliwa kwa kikao kimoja kabla ya kazi, ambacho kila mtu anasema yote, na mjumbe mmoja anayeteuliwa kuzungumza na fundi baada ya hapo.

Kanuni ya fungu hili: *maneno yote gatini, usukani kwa mmoja safarini, na hesabu tukirudi.*

4. Fungu la tatu: kero zinazozidi nguvu zetu

Wakubwa wanakumbuka kivuko cha Ndundu. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, msafiri wa Kusini alifika mto Rufiji na kusubiri. Kivuko kikiharibika au mto ukijaa, alilala hapo hapo. Baada ya daraja, kipande cha Ndundu hadi Somanga, kama kilomita 60, kiliendelea kuwa kero ya tope kwa miaka mingi mpaka kilipowekwa lami. Leo kijana anapita darajani akiwa amelala kwenye kiti cha basi.

Kero hiyo haikuondolewa na kamati ya usharika, na isingeweza. Lakini kero za aina hii zina njia yake: serikali ya kijiji, diwani, halmashauri, mbunge. Kinachokosekana mara nyingi ni maandishi. Kamati inayosema "gati ni bovu" husikilizwa kwa adabu na kusahauliwa. Kamati inayoleta daftari lenye tarehe, idadi ya wajawazito waliobebwa mgongoni kupita kwenye tope, na mizigo ya dawa iliyoloa, hiyo inaacha kitu mezani.

Kanuni ya fungu hili: *usiivumilie kimya kimya, iandike, ipeleke, kisha endelea kuikumbusha.*

5. Neno kwa marafiki wanaochangia

Tunasema kwa heshima na shukrani. Taarifa za robo ya pili hutakiwa mwishoni mwa Juni. Kwa Delta, huo ni wakati wa kusi kali, baada ya masika, ambapo njia nyingi ni mbovu. Afisa anayetaka kuwahi tarehe hiyo ana njia mbili: kuvuka midomo ya mto katika hali mbaya, au kuandika asichokiona. Hatutaki lolote kati ya hayo. Tunaomba ziara za kukusanya takwimu za vijijini zipangwe Oktoba na Novemba, na robo ya pili ipokelewe kwa taarifa fupi ya fedha na ya simu.

Pia tunaomba fomu zisibadilike mradi ukiwa njiani. Ulizeni maswali yote gatini, hata yale magumu, nasi tuyajibu kabla ya saini. Safari ikianza, mtuachie usukani, na mwisho wa safari mtudai hesabu hadi senti ya mwisho.

6. Zoezi la kamati (muda: saa 1)

1. Kila mjumbe ataje kero moja inayomsumbua kufika kikaoni au kufanya kazi ya mradi. Katibu aandike zote bila kucheka wala kubishana.
2. Zigaweni: zenye kalenda, za midomo yetu, zinazozidi nguvu zetu.
3. Kwa fungu la kwanza, mwiteni mvuvi mmoja na mpange tarehe za vikao vya mwaka mzima pamoja naye.
4. Kwa fungu la pili, chagueni nani atazungumza na fundi, dereva au nahodha kwa niaba ya wote.
5. Kwa fungu la tatu, fungueni daftari. Andikeni tarehe, kilichotokea, nani aliathirika, na mmempelekea nani.
6. Ombeni pamoja, kila mtu kwa imani yake, kisha mfunge kikao kabla maji hayajapwa.

Tunaomba kila kamati itutumie nakala ya orodha yake pamoja na ratiba mpya ya vikao. Barua za mwaliko za mwakani tutaziandika kwa kufuata ratiba hizo.