Mafuta Yaliyomo Katika Ganda la Korosho

Ndugu wanakisomo, tukitaja mafuta, wengi wenu mtafikiria mafuta ya taa au mafuta ya kula. Leo tutajifunza habari za mafuta ya namna nyingine. Yamo katika mashamba yetu ya Masasi na Newala, na kila msimu tunayauza bila kuyapima. Ni mafuta ya ganda la korosho.

Aliyepata kubangua korosho kwa mkono anayajua. Vidole huwa vyeusi na ngozi hubabuka. Ndiyo maana akina mama hujipaka majivu au mafuta ya kula kabla ya kuanza kazi. Hebu chukua korosho moja kavu, uikate katikati kwa kisu. Utaona ganda lina ngozi mbili, ya nje na ya ndani. Kati ya ngozi hizo mna vitundu vidogo kama sega la nyuki. Humo ndimo mafuta yanamokaa. Ukali wake huilinda mbegu isiliwe na wadudu.

Mafuta haya hayaliwi. Kazi yake ni ya viwandani. Hutengenezewa rangi, vanishi na gundi. Huko India watu huyapaka kwenye mbao na vyombo vya baharini ili maji yasipenye. Tena hutengenezwa unga unaotiwa katika breki za magari, kwa sababu hauharibiki upesi breki zikipata moto. Basi linaloteremka mlima kutoka Newala kwenda Masasi, pengine breki zake zina jasho la mkulima wa korosho.

Sasa tuangalie historia. Mkorosho si mti wa asili ya hapa. Wareno waliuleta Afrika ya Mashariki kutoka Brazil katika karne ya 16. Uliipenda ardhi ya mchanga ya Umakonde, ukaenea. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wakulima walipanda kwa wingi. Korosho zilinunuliwa ghafi, zikapelekwa India kwa meli. Wahindi walizibangua, wakauza korosho karanga Marekani na Ulaya, na mafuta ya ganda wakayauza vilevile. Sisi tulilipwa bei ya korosho ghafi, basi.

Baada ya Uhuru serikali yetu iliona jambo hilo. Mwaka 1973 iliundwa Mamlaka ya Korosho. Kwa mikopo ya Benki ya Dunia, vikajengwa viwanda vya kubangua, na mashine zikatoka Italia na Japani. Masasi ilipata kiwanda, Newala ilipata, Mtwara, Lindi na Nachingwea pia. Katika njia moja ya viwanda hivyo, korosho hutumbukizwa katika mafuta yake yenyewe yaliyochemshwa, moto wa karibu digrii 190. Ganda hulegea na kutoa mafuta yake, kisha hupasuliwa. Moto huo huo hupunguza ukali wa mafuta.

Lakini wakati viwanda vinajengwa, korosho zilikuwa zinapungua. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani 145,000 hivi. Msimu wa 1986/87 hazikufika hata tani 20,000. Kwa nini? Watu walihamia vijijini miaka ya 1970, wengine wakaiacha mikorosho yao mbali, porini. Bei ilikuwa ndogo. Ukaja na ugonjwa wa ubwiriunga, ule unaofunika maua kwa unga mweupe. Viwanda vikakosa korosho za kubangua. Spea nazo zilitaka fedha za kigeni, nazo hazikuwepo. Kimoja baada ya kingine vikafunga milango. Baadaye vilibinafsishwa, na vingine vikageuzwa maghala.

Zao lenyewe lilifufuka. Watafiti wa Naliendele walifundisha kupuliza salfa, na miche bora ikapandwa. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna tani 313,000 hivi. Lakini sehemu kubwa bado inasafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam. Korosho ghafi ikipanda meli, mafuta yake yamepanda nayo.

Tusidanganyane, mafuta haya peke yake hayamtajirishi mtu. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na korosho karanga, na hakuna mwenye akili atakayejenga kiwanda kwa ajili ya mafuta tu. Faida yake ni ya nyongeza. Kiwanda kinachobangua tayari kina ganda mkononi. Kikilikamua kinapata mafuta ya kuuza, na makapi yanabaki kuwa kuni za kuchemshia maji ya kiwanda. Kisipokamua, ganda linakuwa takataka ya kutupa. Fedha hiyo ya nyongeza ndiyo inayoweza kukifanya kiwanda kidogo kisife, na kiwanda kikiwa hai vijana wa Newala wana kazi.

Vikundi vinavyobangua nyumbani viwe na hadhari. Msitumie maganda kama kuni za kupikia, wala msichome korosho ndani ya nyumba, maana moshi wake unaumiza macho na kifua. Mafuta yakikurukia ngozini, osha mara moja kwa sabuni na maji mengi. Usijifute uso kwa mkono wenye mafuta. Na watoto wasipewe kazi hii, hata wakiililia.

Hesabu ya kufanya darasani: katika kilo 100 za korosho ghafi, ganda lina mafuta yapatayo kilo 15. Chama chenu cha msingi kimekusanya tani 200 za korosho ghafi. Je, zina mafuta tani ngapi? Mashine ikikamua theluthi mbili tu ya mafuta hayo, mtapata tani ngapi? Mkimaliza, fanyeni hesabu hiyo hiyo kwa magunia ya shamba lako mwenyewe.