Mvua Imekatika, Baiskeli Bado Iko Ukutani

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni baba wa watoto watatu, nina miaka 47, naishi Nguvumali hapa Tanga. Kazi yangu ni ya kukaa mezani. Miaka mitatu iliyopita daktari alinipima presha akaniambia dawa peke yake haitatosha, nitafute jambo la kunitoa jasho. Tanga na baiskeli ni ndugu, kwa hiyo sikuhangaika. Nilinunua ya mtumba yenye gia, nikajiunga na wenzangu wanaotoka kila Jumamosi alfajiri kwenda Muheza na kurudi, siku nyingine barabara ya Pangani. Kitambi kikapungua, presha ikatulia, usingizi ukawa mtamu.

Mwezi wa pili mwaka huu, jioni moja nikirudi kutoka Pongwe, nilimkwepa bodaboda pale barabara inapokata reli. Tairi la mbele likazama kwenye mwanya wa reli, nikarushwa, nikavunjika mtulinga. Mkono ukafungwa kitambaa shingoni, mke wangu akawa ananivisha shati na kuniogesha kama mtoto. Mwishoni mwa Aprili daktari alitazama picha akasema mfupa umeunga vizuri, naweza kurudi kwenye baiskeli taratibu.

Lakini masika ya Tanga unayajua. Kila Jumamosi niliamka saa kumi na moja, nikasikia mvua juu ya bati, nikajifunika tena. Sasa mvua zimepungua, kusi nayo imeanza kuvuma. Wenzangu hawakuacha. Wanatuma picha kwenye grupu la WhatsApp, matope hadi masikioni. Mmoja akaandika kwamba wale wa Tour de France wakivunjika mtulinga hurudi barabarani baada ya wiki chache, sasa mimi nangoja nini? Alikuwa anatania, lakini usiku uleule nilijitoa kwenye grupu. Mke wangu naye kila nikiigusa baiskeli ananiuliza, "Mara hii mtulinga, mara nyingine je?"

Kazini naenda kwa bajaji, ingawa ni kilomita 3 tu. Baiskeli anaitumia kijana wangu akitumwa dukani. Suruali zinanibana, na wiki iliyopita presha ilipanda tena. Shangazi, nimetafuta koti zuri la mvua nimelikosa. Mtu afanyeje na hali ya hewa kama hii? Au niiuze tu, nikubali kwamba umri umeshanipita?

Mpanda Baiskeli wa Zamani, Tanga

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mtulinga, na mpe mama watoto shukrani zangu kwa kazi aliyoifanya.

Barua yako nimeisoma mara ya pili nikitafuta siku uliyoanguka. Ulianguka mwezi wa pili. Mwezi wa pili Tanga ni jua na vumbi, lami imekauka kabisa. Unanilalamikia mvua, na ikipungua mvua unanitajia upepo, wakati mvua haikukugusa na upepo haukukuangusha. Na hizo kilomita 3 za kwenda kazini unazipanda bajaji hata siku za jua. Kwa hiyo koti tuliweke kando kwanza. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na wewe nyoka wako yuko kwenye reli.

Woga huo hauna aibu. Ulirushwa chini, ukasikia mfupa ukivunjika, kisha ukakaa wiki nyingi ukivishwa shati. Mwili una haki ya kukumbuka. Ila woga ukiitwa mvua hautibiki, kwa sababu mtu atanunua koti wakati dawa iko kwingine.

Dawa yake ni kurudi palepale. Chagua Jumapili asubuhi, magari yakiwa machache, uende kwenye ile reli na baiskeli yako. Kwanza ivuke kwa miguu ukiisukuma, uone mwanya uliolimeza tairi upo wapi na umekaa vipi. Kisha panda, ukiukumbuka utaratibu huu: punguza mwendo mapema, tazama nyuma, jipange ili uikate reli moja kwa moja kama msalaba, wala usiivuke kwa mshazari. Tairi likiwa juu ya chuma usifunge breki wala usikate kona. Mtu akikupigia honi, mwache apige. Reli ikiwa imelowa, shuka usukume. Hakuna aliyewahi kuvunjiwa heshima kwa kushuka. Rudia hadi mikono iache kuukaba usukani. Na kama bega bado linauma ukiegemea usukani, au mkono haupandi juu ya kichwa, rudi hospitali uombe mazoezi ya viungo kabla ya safari yoyote.

Huyo aliyekutajia Tour de France mwambie habari kamili. Wale mara nyingi hupasuliwa na kuwekewa bamba la chuma kwenye mfupa, wana daktari wa timu, na wanalipwa mshahara kwa kupanda baiskeli. Wewe unalipwa kwa kukaa mezani. Mfupa wako umefuata ratiba yake, na daktari ameridhika nao. Hujachelewa popote.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapo ndipo naona tatizo lako la pili. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku mbili za kuimarisha misuli. Wewe dakika zako zote ulizirundika Jumamosi. Kwenda Muheza na kurudi ni zaidi ya kilomita 70, kazi nzuri kabisa. Lakini ikinyesha alfajiri hiyo moja, wiki nzima imekwenda. Zikifuatana Jumamosi nne za mvua, mwezi umekwenda, nawe unajiona mvivu. Uvivu haupo. Ratiba yako ilisimama kwa mguu mmoja.

Hebu tazama zile kilomita 3 za kazini. Kwa mwendo wa kawaida ni kama dakika 15. Kwenda na kurudi ni 30. Jumatatu hadi Ijumaa ni 150. Dakika zote zinazopendekezwa ziko kati ya Nguvumali na meza yako, na sasa hivi unamlipa dereva wa bajaji ili usizipate. Mvua ikikunyang'anya siku moja, umepoteza sehemu ya tano tu. Jumamosi ya Muheza ikipatikana, inakuwa nyongeza.

Siku ya mvua kubwa, ile nusu saa usiifute. Ibadilishe kazi. Kwenye baraza ya nyumba yako ruka kamba, kaa na kusimama kwenye kiti bila kushika kitu, sukuma ukuta kwa mikono miwili kadiri bega linavyoruhusu, tembea huku na huko. Saa ibaki ileile, hata kama kilichomo kimebadilika. Mtu aliyeishika saa yake hurudi barabarani bila sherehe. Aliyeiachia hungoja siku nzuri, na siku nzuri ikifika anakuwa na jambo jingine.

Turudi basi kwenye koti, kwa kuwa umeuliza. Mvua ya Tanga haina baridi ya Lushoto. Ukijifunga plastiki mwili mzima, utalowa kwa jasho badala ya maji. Vaa nguo nyepesi zinazokauka haraka, nguo za ofisi na taulo dogo zifunge ndani ya mifuko miwili, na kazini uweke ndala na sabuni. Kinachokufaa kuliko koti ni madigadi mbele na nyuma, maana maji machafu hutoka chini. Weka taa nyekundu nyuma na nyeupe mbele, uziwashe hata mchana mvua ikinyesha. Na kama ulianguka ukiwa na helmeti nayo ikagonga chini, usiivae tena hata kama haina ufa unaoonekana. Nunua nyingine.

Mengine waulize wachuuzi wanaotoka soko la samaki la Deep Sea na tenga nyuma ya baiskeli. Hao masika hawayaombi ruhusa, na breki zao hazina uzuri wowote. Watakwambia kwamba mvua ya kwanza baada ya siku za jua ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu huchanganya vumbi na oili iliyomwagika barabarani, lami ikawa kama imepakwa sabuni. Watakwambia rimu ikilowa breki huchelewa kushika, hivyo uziguse kidogo mapema zijifute maji kabla hujazihitaji. Michoro myeupe ya barabarani na vifuniko vya chuma vivuke ukiwa wima. Upepo wa tairi upunguze kidogo, lishike barabara.

Ukifika nyumbani, baiskeli ioshe kwa maji baridi ya ndoo. Sisi wa pwani tuna chumvi hewani, na chumvi ikikutana na matope hula chuma haraka. Futa cheni kwa kitambaa, itie oili kidogo, kisha uifute tena kwa nje, kwa sababu oili nyingi hukusanya mchanga. Zitazame na raba za breki. Mchanga ukinasa humo hukwangua rimu. Kazi yote ni dakika kumi, na huyo kijana wako anaweza kuifanya iwe malipo ya kutumia baiskeli yako bure.

Kuna siku za kubaki ndani, na hizo hazina mjadala. Radi ikiunguruma, ingia kwenye nyumba au gari, usijikinge chini ya mwembe wala mnazi, na ungoje nusu saa baada ya mngurumo wa mwisho. Maji yakifunika barabara usiyaingie. Huoni shimo wala mtaro ulioko chini, na maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari, isikilize. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu, hata boti za kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisimama. Siku kama hiyo, aliyebaki ndani ndiye mwendesha baiskeli mwenye akili.

Kusi je? Hiyo itavuma hadi karibu Septemba, kwa hiyo zoeana nayo. Inatoka kusini, na Pangani iko kusini. Toka ukielekea Pangani ungali na nguvu, upambane nayo wakati wa kwenda, ikusukume wakati wa kurudi. Tumia gia nyepesi na usiangalie mwendo. Upepo wa mbele ukikurudisha nyuma, moyo na mapafu yako vimefanya kazi ileile.

Nimemwacha mke wako hadi hapa kwa makusudi, kwa sababu ndiye mtu mgumu kuliko mvua, na anachosema kina maana. Swali lake usilijibu kwa mzaha, wala usitoke alfajiri kwa kunyata. Alikuona hospitali. Akisikia baiskeli ikitoka uani, anaiona ile siku upya. Kaa naye, umweleze kwamba presha imepanda, kwa maana nahisi hilo hujamwambia. Kisha muulize: nifanye nini ili moyo wako utulie nikiwa barabarani? Huenda atasema usipite ile reli jioni, urudi kabla ya giza, umpigie ukifika kazini. Yote hayo unaweza kuyatimiza. Mwonyeshe taa, mwonyeshe helmeti mpya. Masharti aliyoyaweka mwenyewe atayalinda, na atakulinda na wewe. Sasa anaogopa barabara peke yake. Akijua presha, atakuwa na mambo mawili ya kupima, na naamini atapima sawasawa.

Presha yenyewe usiiachie baiskeli. Nenda kliniki wiki hii, na dawa usiache wala usipunguze bila kuambiwa. Mazoezi ya namna hii hushusha namba ya juu kwa wastani wa pointi 5 hadi 8 kwa mtu mwenye presha, lakini faida hiyo hudumu mazoezi yakidumu. Ndiyo maana nakusisitizia dakika 30 za kila siku kuliko Jumamosi za mashujaa.

Kuhusu wale wa grupu, aliyekutania hakujua kidonda kiko wapi, kwa sababu ulitoka bila kusema neno. Wanaume mnaweza kupanda baiskeli pamoja miaka mitatu bila kuambiana mnachoogopa. Mpigie mmoja unayemwamini, umwambie ukweli: mfupa umepona, reli inanitisha, Muheza bado siiwezi. Mwombe mtoke wawili hadi Mapango ya Amboni na kurudi, umbali mfupi, bila kushindana. Akikataa, umejua rafiki yako ni nani. Nadhani hatakataa. Tena usishangae akikuonyesha kovu lake, maana hakuna apandaye baiskeli muda mrefu asianguke.

Umri nao usiusingizie. Miaka 47 ni michache kwa baiskeli. Simama barabarani saa kumi na mbili asubuhi uwahesabu wazee wa kofia na kanzu wanaokupita. Hiyo sahihi yako, "wa Zamani", ifute.

Usiuze. Jumapili nenda ukaivuke reli, Jumatatu mwambie dereva wa bajaji asikungoje. Na yule kijana mtafutie baiskeli yake, ya kwako itakuwa na kazi.

Shangazi